Chupa Namba Saba

Haikugeuka njano.

Niliinua tyubu kwenye mwanga wa dirisha, nikaitikisa, nikairudisha ndani ya kopo la maji ya moto na kuhesabu mpaka mia. Rangi ya iyodini ilikuwa imekwisha kumezwa na soda kali, na kilichobaki kilikuwa kama maji matupu, hakuna punje hata moja chini. Kama mle ndani mngekuwa na ethanoli, mashapo ya njano yangeshuka na harufu ya dawa ya vidonda ingenipanda puani. Nilinusa mpaka macho yakaniwasha. Nikamwaga, nikasuuza, nikaanza upya. Mara ya tatu maji yale yalibaki vilevile, na saa ya ukutani ilisema nimebakiwa na dakika arobaini.

Wenzangu walikuwa wamekwisha kuandika. Yves, aliyekaa meza ya pili, alikuwa anachezea kifuniko cha kalamu yake, kwa sababu hakuwa amegusa tyubu hata moja. Hakuna aliyegusa. Mtihani wetu wa vitendo pale chuoni ulikuwa hivi: chupa kumi na mbili za kahawia, kila moja ina namba tu, kila mwanafunzi anaokota namba yake, kisha ana saa mbili za kutambua kilichomo. Kinawaka au hakiwaki? Kinatoa mapovu? Kinageuza rangi gani? Lakini Chef Baudouin, mwalimu wetu wa kemia, hakuwa amebadilisha orodha yake tangu mwaka 2008. Orodha ilipita kutoka darasa hadi darasa, ikinakiliwa kwenye viganja na ndani ya majalada ya daftari. Moja ni asetoni. Nne ni asidi ya siki. Saba ni ethanoli. Ukishaijua namba yako unaandika majaribio ambayo hukuyafanya na rangi ambazo hukuziona, unapata kumi na mbili kwa ishirini, unakwenda nyumbani kula.

Mimi nilikuwa na kichwa kigumu. Nisijipambe, haukuwa uaminifu. Baba yangu alikuwa ananunua dhahabu kwenye machimbo ya Bambu, na hakuwahi kununua punje moja kabla ya kuidondoshea asidi, hata ikiwa imeletwa na kaka yake wa tumbo moja. Nimekulia mbele ya meza ile. Mtu akiniambia kitu ni kitu fulani, mkono wangu wenyewe unatafuta tyubu.

Basi nikaendelea. Kilikuwa kileo, hilo halikuwa na ubishi: kilichanganyika na maji, kiliwaka kwa moto wa buluu usioonekana vizuri, kiligeuza dikromati kutoka rangi ya chungwa kuwa kijani. Nilikuwa na kidonge cha aspirini katika mkoba wangu, kwa ajili ya kichwa. Nikakisaga, nikakitia ndani ya tyubu pamoja na matone ya chupa namba saba na asidi kali ya salfa, nikapasha moto, nikamwaga kwenye maji baridi. Harufu iliyopanda naijua tangu utoto. Ilikuwa harufu ya pomada ambayo bibi yangu alikuwa anachuliwa nayo mgongoni msimu wa mvua. Ni kileo kimoja tu kinachotoa harufu hiyo, na si ethanoli. Nikaandika kwenye karatasi yangu ya mtihani, kwa herufi kubwa: METHANOLI. Nikapigia mstari mara mbili.

Kwa asiyejua, ethanoli ndiyo iliyomo ndani ya bia, na ndani ya kaikpo, pombe kali ambayo akina mama wanapika mtaani Mudzi Pela. Methanoli inafanana nayo kwa sura, na kwenye ulimi huwezi kuzitofautisha. Lakini methanoli inakula mshipa wa jicho. Glasi moja ndogo inatosha kumpofusha mtu, ya pili inaweza kumzika. Niliyajua hayo yote siku ya Jumanne, saa tano asubuhi. Nimeyarudia kichwani miaka mitano, na kila nikiyarudia nashikwa na hasira ileile, kwa sababu siku ya Ijumaa Muzee Donatien aliamka haoni.

Muzee Donatien alikuwa préparateur wetu, yaani mtu wa maabara: aliyeosha vyombo, aliyejaza chupa, aliyewasha mbabula ya makaa asubuhi ili tupate maji ya moto umeme ukikosa. Miaka ishirini na mbili katika chumba kimoja. Alijua kemia kwa mikono. Angeweza kukuambia kwa kutazama tu kwamba soda yako imezeeka. Na alikuwa na haki yake, ambayo haikuandikwa popote lakini kila mtu aliitambua, kuanzia Chef mpaka mlinzi wa geti: mtihani ukiisha, ethanoli iliyobaki kwenye chupa namba saba ilikuwa yake. Aliichukua nyumbani, akaichanganya na maji, sukari na ndimu, akaiita "diplome." Alikuwa anatania kwamba sisi tunapata ya karatasi na yeye anapata ya glasi.

Mwaka ule ethanoli ya zamani ilikuwa imekwisha. Mwezi wa tatu ililetwa jerikani ya lita ishirini kwa lori, kupitia Komanda, imeandikwa "alcool" kwa kalamu ya wino mzito, basi. Chef Baudouin aliipokea mwenyewe, akafungua, akanusa, akasema ni sawa. Maabara yenye vitendanishi vya kupima kila kitu, na mkuu wake akapima kwa pua! Akamwamuru Donatien ajaze chupa namba saba.

Jumatano asubuhi karatasi zetu zilirudishwa. Yves, ambaye hakupasha moto hata maji, alikuwa na kumi na tatu. Mimi nilikuwa na nne kwa ishirini. Pembeni ya neno langu kubwa Chef alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, kwa Kifaransa, kwamba ninabuni. Damu ilinichemka. Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho, na kwa nne ile nisingepata diploma. Niliingia ofisini mwake bila kubisha.

"Mademoiselle," alisema bila kuinua kichwa, "namba saba iko éthanol tangu deux mille huit."

"Chef, nilipima mara tatu. Haikutoa njano. Tuende mu labo sasa hivi, nifanye mbele yako."

"Weye njo utanifundisha chupa zangu?"

"Chef, ile iko méthanol."

"Kama hauko sawa na points, andika recours. Uko na siku tatu. Ufunge mulango."

Niliufunga kwa nguvu hata vioo vikalia. Na pale kwenye korido, akiwa na ndoo ya vyombo vichafu mkononi, alikuwa amesimama Muzee Donatien. Alikuwa amesikia. Nilikuwa nimepiga kelele za kutosha kusikika mpaka barabarani. Alinitazama kwa namna yake ya upole, kichwa kimeinama kidogo, akashusha ndoo.

"Mutoto yangu," aliniuliza, "ile saba, iko muzuri?"

Hapa ndipo ningependa kuirudisha siku. Mtu mzima, mwenye umri wa baba yangu, aliniuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa neno moja. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo mkononi, limepigiwa mistari miwili. Lakini kifua changu kilikuwa kimejaa nne kwa ishirini, na yeye kwangu wakati ule alikuwa sehemu ya maabara ile, sehemu ya orodha ile, mtu wa Chef. Nilitaka mtu mmoja katika jengo lile aumie kidogo kama mimi.

"Kaulize Chef," nilimwambia. "Yeye njo iko na liste."

Akaenda kuuliza. Alibisha mlango ule ule nilioubamiza, akavua kofia. Mimi nilikuwa bado natafuta kalamu ndani ya mkoba, na nilisikia kila kitu. Nilimsikia Chef Baudouin, ambaye alikuwa bado amewaka kwa sababu yangu, akisema kwa sauti ya kunisikilizisha mimi:

"Donatien, iko éthanol! Hata weye sasa unaamini mambo ya banafunzi? Chukua, uende."

Muzee alitoka ametabasamu. Alipita mbele yangu na kuingia maabara, na alipotoka mfuko wake wa plastiki mweusi ulikuwa na uzito ndani. Aliniaga kwa kuinua kofia. Nami nikakaa kwenye benchi chini ya dirisha, nikaanza kuandika barua yangu ya rufaa. Niliandika kurasa tatu. Barua nzuri, yenye hoja na milinganyo ya kemikali. Neno "Donatien" halimo.

Ijumaa saa mbili asubuhi binti yake, Adeline, alikuja kunitafuta nyumbani kwetu Nyakasanza, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Alikuwa amekwenda chuoni kwanza, mlinzi akamwelekeza kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele juu ya chupa.

"Papa anasema iko anaona maziwa," alisema. "Kila fasi maziwa. Anatapika tangu jana magaribi. Kwa hospitali balisema ni malaria."

Nilichukua karatasi yangu ya mtihani, ile ya nne kwa ishirini, tukapanda pikipiki moja mpaka hospitali. Kule walikuwa wamemtundikia dripu ya kwinini. Nilimshika daktari wa zamu mkono, kijana mmoja mchovu anayeitwa Emery, nikamwekea karatasi mbele ya uso. Alisoma mstari wa aspirini. Alisoma neno kubwa. Hakuniuliza kuhusu alama. Alichomoa ile kwinini, akaagiza bikarbonati, kisha akamwambia Adeline akimbie akanunue whisky, chupa iliyofungwa na kiwanda. Watu kwenye korido walicheka: mlevi anatibiwa kwa pombe! Niliwageukia nikawatolea maneno ambayo mama yangu hajawahi kuyasikia kutoka kinywani mwangu. Ethanoli ya kweli inaizuia methanoli isigeuke sumu mwilini, lakini huwezi kueleza hayo kwa watu wanaocheka. Walimnywesha kwa mpira puani siku mbili. Jumapili alikuwa mzima. Macho yalikuwa yamekwisha kwenda.

Jumatatu Chef Baudouin aliniita.

Safari hii alisimama nilipoingia, akanivutia kiti mwenyewe. Alikuwa amekonda uso kwa siku tatu, na kwa muda mfupi nilidhani atalia. Kama angelia, labda leo hasira yangu ingekuwa imepungua kidogo. Lakini alifungua droo, akatoa karatasi mpya ya mtihani, tupu, yenye muhuri, akaiweka mbele yangu na kalamu juu yake. Akaongea polepole, kama anaeleza somo. Deliberation, kikao cha walimu cha kupitisha alama, ni Alhamisi. Nne haitanivusha. Yeye yuko tayari kusahihisha upya. Ila kwanza niandike tena copie yangu, vizuri, namba saba kama ilivyo kwenye orodha. Na ile ya zamani nimwachie.

"Na muzee Donatien?" niliuliza.

"Donatien alikunywa kaikpo mubaya kwa quartier. Banakunywaka kule kila siku. Ni malheur, bahati mubaya." Alisogeza kalamu. "Hatuwezi kufunga labo nzima juu ya mutu moja. Fikiria bandugu yako, balikulipia miaka mitatu."

Nilimchukia. Niseme wazi. Nilitazama kidole chake kilichokuwa kimeshikilia pembe ya karatasi, nikatamani kukivunja. Na nikiwa nimemchukia hivyo, nilifungua kalamu.

Niliandika kwamba nilitia iyodini na soda kali. Niliandika kwamba nilipasha moto katika maji. Niliandika: mashapo ya njano, mengi, yenye harufu ya dawa ya vidonda. Sikuwahi kuyaona mashapo yale. Nilikuwa nimeyasubiri mara tatu, nikihesabu mpaka mia, na hayakuja, na sasa niliyafanya yaje kwa wino. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana. Mimi niliyewadharau Yves na wenzake kwa kuandika rangi ambazo hawakuziona, niliandika rangi moja tu katika maisha yangu ambayo sikuiona, na iliuma zaidi ya zao zote, kwa sababu wao walidanganya juu ya chupa, mimi nilidanganya juu ya mtu. Chef alichukua karatasi zote mbili. Ile ya zamani aliikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati.

Wiki iliyofuata Donatien alifukuzwa kazi kwa ulevi. Barua ilisema hivyo. Alisomewa na Adeline, kitandani hospitalini. Daktari Emery aliandika "methanoli" kwenye jalada lake, lakini alipoulizwa imetoka wapi hakuweza kusema, kwani alichokuwa amesoma hakikuwepo tena.

Nilipata diploma. Miaka miwili baadaye Chef alihamia mji mwingine, akapewa cheo. Chuo kilitafuta msaidizi wa maabara na kikanichukua mimi. Jambo la kwanza nililofanya ni kuibandua orodha ya mwaka 2008 nyuma ya mlango wa kabati na kuichoma ndani ya mbabula. Sasa chupa zangu zinabadilika kila muhula, na hakuna jerikani inayoingia bila kupimwa. Wanafunzi wananiogopa. Mmoja akiniandikia rangi ambayo hakuiona, namrudisha mezani mbele ya wenzake na kumsimamia mpaka aione. Msichana mmoja, Vanessa, alilia mwaka jana. Nilimpigia kelele mpaka nikasikia sauti yangu ikirudi kutoka ukutani, na nikajua simpigii yeye. Watu wanasema madame Jemima ana moyo mgumu, lakini ni mwadilifu. Wakisema hivyo naondoka chumbani.

Kwa Muzee nilikuwa nakwenda. Nilipeleka sukari, sabuni, mchele wakati wa sikukuu. Nilikaa dakika kumi, nikazungumza juu ya mvua, nikaondoka. Adeline alinishukuru kila mara: kama si wewe, papa angekufa. Niliinywa shukrani ile miaka mitano, nikijua ni ya wizi. Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Alikuwa amekaa mlangoni kwake, sinia la maharagwe mapajani, anachambua kwa vidole. Jiwe, haragwe, jiwe. Hakosei. Nilikaa kwenye ngazi chini yake na sikutoa sukari.

Nilimwambia yote. Kwamba siku ile kwenye korido nilijua. Kwamba ningeweza kusema "hapana," nikakataa kwa sababu ya hasira za alama. Kwamba nilimwona akipita na mfuko. Kwamba nilikuwa na karatasi iliyothibitisha chupa ilitoka maabara, nikaibadilisha kwa nyingine yenye uongo, na ndiyo maana alifukuzwa kama mlevi na hana pensheni wala jina. Nilisema kila jambo kwa mpangilio, kama ripoti ya majaribio. Nilitaka anipige. Nilikuwa nimekaa karibu makusudi, mahali ambapo mkono wake ungenifikia.

Vidole vyake vilikuwa vimesimama. Kuku wa jirani alikuja, akadonoa karibu na mguu wake, akaondoka.

"Ile karatasi ingine," alisema mwishoni, "alikupatia ngapi?"

Sikuelewa. "Ngapi nini, muzee?"

"Points."

"Seize," nilisema. "Seize kwa vingt." Kumi na sita kwa ishirini.

"Seize." Alilirudia neno polepole, akatikisa kichwa kwa mshangao wa kweli, mtu aliyebeba vyombo vya mitihani ile miaka ishirini na mbili na kusikia kila alama ikisomwa. "Kwa Chef Baudouin? Tangu nilianza kule, sijaonaka mutu alipata seize."

Kisha akageuza uso kuelekea ndani ya nyumba.

"Adeline! Letea madame kiti. Asikae chini."